Mahali pa Miguu

Taita Taveta ni kaunti kubwa yenye nafasi ndogo ya kutembea. Anayeitazama kwenye ramani huona kijani kimetandazwa kutoka upande wa Mtito Andei hadi karibu na mpaka wa Tanzania, akadhani wenyeji wake wana uwanja usio na mwisho. Kijani hicho ni Tsavo, Mashariki na Magharibi, hifadhi iliyotangazwa mwaka 1948, na humo binadamu huingia akiwa garini. Kushuka ni pale tu palipowekwa kibao cha kumruhusu ashuke. Asilimia 62 ya kaunti, ndiyo hesabu inayotajwa kila penye kikao cha ardhi. Katika kinachobaki, toa mashamba ya mkonge ya Voi na Mwatate, toa ranchi, toa barabara kuu ya Mombasa na reli zake mbili, ile ya Waingereza na ile iliyofunguliwa mwaka 2017. Utabaki na miji, vijiji na milima, na kote huko utakuta watu wakibishana juu ya mpaka.

Sina ugomvi na kanuni ya kukaa garini. Waliokuwa wakijenga daraja la reli pale Tsavo mwaka 1898 walifundishwa na simba wawili, usiku, ndani ya mahema, kwa nini binadamu asizurure huko. Ninachokiwaza ni kingine. Watu wengi wa Voi wameiona sehemu kubwa ya kaunti yao kupitia kioo: cha basi la shule, cha matatu, cha treni inayopita juu ya tuta huku tembo wekundu wakipita chini yake. Wanaweza kukutajia wanyama kwa majina na tabia zao, lakini udongo walioukanyaga ni kidogo sana. Na mimi naamini kwamba kuna namna ya kuijua ardhi ambayo haipatikani mpaka pumzi ikukatike ukiipanda, na unyayo uteleze.

Mtu wa Voi akiwashwa na miguu, mahali pa karibu ni mtoni. Mto Voi, kwa miezi mingi ya mwaka, si mto bali ni barabara ya mchanga iliyochimbika kati ya kingo mbili. Asubuhi utakuta humo malori na vijana wa sepetu wakipakia mchanga wa ujenzi, wenye punda waliochimba visima vifupi kutafuta maji, mbuzi, na jioni wavulana wa mpira ambao goli lao ni vijiti viwili. Kivuli kipo, cha migunga na mikwaju iliyozamisha mizizi mbali. Taka pia zipo, na chupa za plastiki zilizokwama kwenye mizizi zitakuambia maji yalifika kimo gani mara ya mwisho. Hakuna aliyeiita bustani, hakuna benchi wala mlinzi, lakini pale ndipo mji unapotembelea.

Mto huu una tabia ambayo mgeni hushindwa kuiamini mpaka aione. Jua linaweza kuwa linachoma Voi, hakuna hata wingu juu ya stendi, na mara mtu anapiga kelele kwamba mto unakuja. Mvua imenyesha milimani, kule Dawida, saa kadhaa zilizopita. Maji ndiyo sasa yanafika, mekundu, yakisukuma mbele yao povu na matawi. Wachimba mchanga huokota sepetu zao na kupanda ukingoni wakicheka, isipokuwa mwaka ambao maji yamekuja usiku, hapo hakuna anayecheka.

Ukiufuata mto kuelekea mashariki hutafika mbali. Wenyewe unaingia Tsavo bila tikiti na kwenda hadi bwawa la Aruba, lililojengwa mwaka 1952. Wewe utasimama kwenye uzio. Na jioni tembo huutumia mkondo huohuo kutoka huko kuja huku, kwani kwao pia ni njia. Wanaoishi chini ya mlima wa Sagalla wamezoea kuhesabu mahindi yao asubuhi. Huko wakulima wamezungushia mashamba uzio wa mizinga ya nyuki, iliyofungwa kwenye waya mmoja: tembo akigusa waya, mizinga yote inatikisika, na tembo, pamoja na ukubwa wote ule, anawaogopa nyuki. Ni mbinu iliyoanza kujaribiwa huko zaidi ya miaka kumi iliyopita kwa msaada wa shirika la Save the Elephants, na inampa mkulima asali juu ya mahindi. Napenda sana uzio wa namna hii, ambao pande zote mbili zinauelewa.

Basi kama chini hakupitiki, inabaki juu, kule maji yanakotoka.

Matatu ya Wundanyi hutoka Voi ikiwa na joto la kutosha kupika, hupita Mwatate katikati ya mistari ya mkonge, halafu huanza kupanda kona baada ya kona. Abiria waliokuwa wakijipepea huanza kufunga madirisha. Migomba inatokea, kisha matuta ya mboga, kisha vijito vinavyopita chini ya barabara hata wakati wa kiangazi. Kutoka mita mia tano na kitu za Voi unafika zaidi ya 1,400 za Wundanyi, na kilele cha Vuria, kirefu kuliko vyote, kiko mita 2,208. Kabla ya kuendelea ni busara kula. Kimanga cha Wundanyi, muhogo na maharagwe yaliyopondwa pamoja, hukaa tumboni mpaka jioni, na msituni hakuna kibanda cha kuuza chochote.

Msitu ninaousema ni Ngangao, juu ya mgongo wa mlima kaskazini mwa Wundanyi. Ni karibu hekta 120 tu. Ukitembea bila kusimama utaumaliza kabla ya chakula cha mchana, lakini kutembea bila kusimama humo ni kazi bure. Mashariki mgongo huo unakatika ghafla kwa majabali; magharibi umevikwa misonobari iliyopandwa. Katikati, kwenye mikunjo ya bonde ambako jua hufika kwa vipande, ndiko kuna msitu wenyewe: mikenge mirefu, podo, mikangaga iliyorefuka ikawa miti, na kila shina limevaa kijani kingine chenye unyevu, hata huwezi kujua gome la mti linaanzia wapi. Ukungu wa Bahari ya Hindi husafiri juu ya nyika yote kavu bila kuiachia kitu, ukaja kugonga hapa na kugeuka matone. Miti huudaka. Kuna asubuhi ambayo hakuna mvua popote Taita, na chini ya miti ya Ngangao unalowa.

Milima hii ni ncha ya kaskazini ya safu ndefu inayoanza hapa, inapita Upare, Usambara na Uluguru, na kushuka hadi Udzungwa nchini Tanzania. Kwa kuwa nyika imeitenga kwa mamilioni ya miaka, kila mlima umelea viumbe vyake, na viumbe hivyo havikujifunza kuhama. Huko Mbololo, kwenye miamba yenye kivuli, huota ua dogo la zambarau, Saintpaulia teitensis, ambalo ndugu zake huuzwa Ulaya katika vyungu vya dirishani. Kule Sagalla, juu tu ya vumbi la Voi, kuna kiumbe asiye na miguu kabisa, jamaa wa chura ingawa umbo lake ni la nyungunyungu, anayeishi ndani ya udongo wa mlima huo mmoja na si kwingine duniani. Wanasayansi, mmoja wao Patrick Malonza wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya, walimwandika rasmi mwaka 2005 kwa jina la Boulengerula niedeni. Wakulima wa Sagalla walikuwa wakimfukua kwa jembe miaka yote. Adui yake hana meno: ni mkalitusi, unaokausha udongo anamoishi.

Lakini anayenishughulisha zaidi ni ndege. Turdus helleri ni mweusi kichwani na kifuani, ubavuni ana rangi ya kutu, na mdomo na miguu yake ni ya rangi ya chungwa. Jina hilo alipewa mwaka 1913, kwa heshima ya Edmund Heller, Mmarekani aliyekusanya wanyama huku. Ni ndege wa chini. Hutafuta chakula kwenye majani yaliyooza, hukimbia hatua chache, husimama, hupindua jani, husikiliza. Ana mabawa mazima, ila anayatumia kwa uchache kiasi kwamba ndege wa Mbololo na ndege wa Ngangao, wenye kilomita chache tu baina yao, wanaishi karibu kabisa bila kutembeleana. Shamba la mahindi kwake ni bahari. Watafiti wa Makumbusho ya Taifa na wenzao wa Ubelgiji waliwavisha pete miguuni tangu miaka ya tisini ili wajue nani anavuka na nani havuki, na waliovuka walikuwa wachache sana.

Mara ya kwanza nilipomwona mwenye pete nilijisikia kama mtu aliyekuta kitambulisho njiani. Alinipa mgongo, akapindua majani yake.

Vijia vya Ngangao havikuchorwa na afisa yeyote wa utalii, na ukitembea polepole utaanza kuwatambua waliovitengeneza. Kijia kipana kinachokwenda pembezoni, kilichochimbika hadi mizizi ikawa ngazi, ni cha kina mama wa kuni. Hukipita wakiwa na mzigo mgongoni na mshipi wake juu ya utosi, kwa hiyo hakina kona kali. Mzigo wa kuni haupendi kona. Kijia chembamba kinachopanda moja kwa moja bila huruma ni cha askari wa misitu, ambaye anataka kufika juu na kusikiliza panga linalia wapi. Kile kilichonyooka ajabu, kinachopita hata pasipopitika, ni cha watafiti: walinyoosha kamba, wakahesabu miti kulia na kushoto, na vibao vidogo vya bati vyenye namba bado vimo kwenye mashina. Chuo Kikuu cha Helsinki kina kituo chake Wundanyi, na nadhani hakuna kilima Kenya kilichopimwa kwa sentimita zaidi ya hiki. Halafu kuna vijia ambavyo hakuna anayevikubali. Vinaingia kwa siri kutoka shambani, vinakwenda hadi kwenye kisiki kimoja kipya, na vinakoma.

Nilimwuliza mzee mmoja tuliyefuatana naye, mtu wa chama cha jamii cha kulinda msitu, kama hivi vya mwisho ni vingi. Akasema, «Mwanangu, zamani havikuwako. Na hatukuwa na askari.»

Alikuwa akizungumzia fighi. Kabla ya serikali kuchora mipaka yake, Wadawida, wenyeji wa milima hii, walikuwa na misitu yao midogo iliyowekwa wakfu, kila mmoja ukilinda eneo fulani, mara nyingi pale ambapo adui angeweza kupenya. Ulikuwa na wazee wake, kafara zake na kiapo chake. Hukati tawi. Huingii ukiwa na nia mbaya, kwani msitu wenyewe ulisemekana kumjua mtu. Karibu na hapo, kwenye mapango, ukoo uliweka mafuvu ya wazee wake, yaliyofukuliwa kaburini baada ya muda na kupangwa kwa heshima, yakielekea walio hai. Baadhi ya mafuvu hayo bado yapo. Wamisionari waliofika Sagalla mwaka 1883 na waliowafuata hawakuyapenda, na wajukuu wengi wa waliokuwa wakienda kutambika siku hizi hupita mbali wakitazama upande mwingine.

Mara kwa mara nimesikia hotuba za kuusifu utaratibu huo kana kwamba babu zetu walikuwa wanamazingira. Sikubaliani nazo. Fighi haikuwekwa kwa ajili ya ndege wala maji. Iliwekwa kwa ajili ya usalama wa watu na amani na wafu, na miti ikanufaika. Ila sababu yoyote iliyo na nguvu ya kumzuia mtu mwenye shoka, usiku, bila shahidi, inastahili heshima. Uzio wetu wa sasa unafanya kazi mchana tu.

Na takwimu zinauma kwa namna ya pekee. Watafiti wa Helsinki waliolinganisha picha zilizopigwa kutoka angani waliona kwamba kati ya mwaka 1955 na 2004 milima ya Taita ilipoteza nusu ya msitu wake wa asili. Ukiishia hapo utaelewa kilio cha kawaida. Lakini picha hizohizo zilionyesha pia kwamba jumla ya ardhi yenye miti ilipungua kwa kiasi kidogo mno, karibu asilimia 2, kwa sababu misonobari, mikalitusi na miti mingine ya kigeni ilipandwa kwingine. Kwa mtu aliye Voi akiinua macho, mlima ulikuwa wa kijani mwaka 1955 na ulikuwa wa kijani mwaka 2004. Angeapa kwamba hakuna kilichopotea.

Miguu haidanganyiki hivyo. Huko Ngangao unaweza kutoka msitu mmoja hadi mwingine kwa hatua kumi. Chini ya misonobari ardhi ni kavu, imefunikwa sindano za rangi ya kahawia, na kiatu kinateleza. Hakuna kichaka, hakuna wa kukukwaruza, unaona mbali katikati ya mistari iliyopangwa. Kwa kweli ni pazuri, na wageni wengi hupigia picha hapo. Kisha unavuka mpaka. Matope yanakushika, ubua unakupiga usoni, hewa inakuwa nzito yenye harufu ya majani yanayooza, na sauti zinaanza, za juu na za chini, nyingi zake za wadudu nisiowajua. Yule ndege wa pete habagui kwa ushairi. Yeye huishia pale majani ya kupindua yanapoishia.

Juu ya majabali ya mashariki, siku isiyo na ukungu, nyika nzima inafunguka. Tuta la reli ni uzi. Mgongo wa Sagalla umelala juu ya Voi, na mbali kusini-mashariki Kasigau imesimama peke yake. Ndiko alikokwenda mmisionari Johannes Rebmann kwa miguu mwaka 1847 akitoka Rabai, na mwaka uliofuata akapita katika milima hii kwenda Uchagani, ambapo tarehe 11 Mei 1848 aliona theluji juu ya Kilimanjaro na kuandika habari ambazo wataalamu wa London walikataa kuziamini. Vitabu vinasema alitembea Rebmann. Waliobeba mizigo yake walitembea pia, njia ileile, kwa uzito zaidi. Na mlima huohuo wa Kasigau una safari nyingine ambayo hairembwi vitabuni: mwaka 1915, vita vya Waingereza na Wajerumani vikiwa vimepamba moto upande wa Taveta, watu wa Kasigau walishukiwa kumsaidia adui, wakaondolewa makwao na kupelekwa Malindi. Wengi walifia huko. Miaka mingi baadaye waliporudi, sehemu ya nchi waliyoizoea ilikuwa imekwisha kuwa ya serikali. Ukisimama juu ya jabali na kuitazama nyika, unaona kwamba karibu kila mstari ulionyooka huko chini uliwahi kumwambia mtu fulani apite kwingine.

Wanairobi wana msitu wao wa Karura, zaidi ya hekta elfu moja, wenye mito, maporomoko ya maji na mapango, na njia zilizowekewa vibao na namba. Mwaka 1999 Wangari Maathai na wenzake walipigwa hapo kwa kutaka kupanda mti mahali palipokwisha kugawiwa wajenzi. Siku hizi familia huenda na baiskeli siku ya Jumapili. Watu wa kaunti huniuliza kwa nini Ngangao isifanywe vivyo hivyo, iwe na lango, mkahawa na njia pana. Jibu langu ni la hesabu: Karura ni karibu mara tisa ya Ngangao, na haina ndege ambaye uwanja wake wote wa kuishi duniani ni vipande vichache vya msitu milimani. Kijia kipya kimoja Karura ni mapambo; Ngangao kinaweza kuwa ukuta. Mimi ningeviacha vilivyopo, nikifunga vile vya kisiki, na kuleta watoto wa shule za Voi kwa makundi madogo, wavue viatu kama wanataka.

Wenye elimu ya mambo haya wamependekeza kwa muda mrefu jambo gumu zaidi, na ndilo nililomsikia mzee akilieleza tukiteremka. Vipande vya msitu viunganishwe. Misonobari na mikalitusi iliyo katikati ipunguzwe kidogokidogo, isikatwe kwa mara moja udongo ukasombwa hadi Voi, na miti ya kienyeji ipandwe chini yake, mpaka ndege wa Ngangao aweze kufika Chawia, kipande kingine cha msitu, bila kuvuka bahari ya mahindi. Shida ni kwamba katikati hapo si pa serikali. Ni mashamba ya watu, ekari moja, nusu ekari, matuta yaliyorithiwa na kugawanywa tena kwa kila kizazi. Kila mmoja aombwe ukanda.

Tulikuwa tumefika ukingoni mwa msitu, mahali kijia cha kina mama kinapoingia mashambani na kuanza kuzunguka ua baada ya ua. Nikamwuliza kama yeye angetoa ukanda wake. Akacheka. Alisema angetoa kesho, ila nimsaidie kwanza kumshawishi jirani yake wa chini, aliyepanda mikalitusi juu ya njia ya kwenda kijitoni. Tangu hapo wanawe huzunguka kupitia barabarani, madumu kichwani.

«Sisi wenyewe tumenyimana njia,» akasema. «Huyo ndege anaombewa na nani?»

Halafu akanionyesha nipitie wapi ili nisikose matatu ya mwisho ya Voi: kushoto kwenye mparachichi, nikibisha hodi, kwa sababu kijia kinapita katikati ya ua wa watu.